Uzi maalumu: Kujenga gari la injini ya kati, MR2 SW20 kupandishiwa V6 ya Harrier (2GR-FE)

SpanaKumi (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Tangu niweke picha ya gari langu kule kwenye uzi wa magari ya zamani, watu wananifuata pembeni na maswali yaleyale. Nimeona nifungue uzi wake, tuyamalize hapa mbele ya wote, na mafundi wengine wachangie.

Gari lenyewe ni Toyota MR2 umbo la pili, SW20, lililotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1999. Viti viwili tu, injini imelala nyuma ya migongo yenu na mbele ya ekseli ya nyuma. Lilikuja nchini miaka hiyo na 3S-GE ya cc 1998 isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia injini hewa). Nilipolinunua blok ilikuwa imepasuka na gari limeegeshwa chini ya mwembe, lakini bodi haina kutu na chesisi haijawahi kugongwa. Kwenye nafasi hiyo nimeweka 2GR-FE, V6 (silinda sita) ya cc 3456, iliyotoka kwenye Harrier 350G, yaani tako la nyani yenye injini kubwa. Injini hiyohiyo imo kwenye Vanguard ya 3.5, Alphard, Estima na Mark X ZiO. Kwa soko la Japani imeandikwa nguvu farasi 280. Ile 3S-GE ya mwanzo ilikuwa na 165.

Nianze na jambo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu ndilo watu wanaloliruka. Kwenye kazi hii injini ndiyo sehemu nyepesi. Inakuja imekamilika, Toyota walishamaliza kuipima. Kinachotoa jasho ni vinavyoizunguka: maji, waya, mauntini, klachi, shafti, eksozi. Kwa hiyo swali la "injini gani ina nguvu" liwekeni kando kwanza. Ulizeni injini gani mtaipata pamoja na vyombo vyake vyote, na ikisumbua mwakani spea yake iko Shaurimoyo au mpaka uagize nje ukae unasubiri.

Mengine yanafuata. Ulizeni.

Kijana wa Kigogo

Mkuu nimeweka kambi hapa. Mimi bado mwanafunzi wa veta, naomba nianze na la msingi kabisa. Kwa nini mtu ahangaike kuweka injini katikati? Mbele si kuna nafasi zaidi na fundi anafika kirahisi?

SpanaKumi

Swali zuri, mdogo wangu. Injini na giaboksi ndiyo mzigo mzito kuliko yote ndani ya gari. Mzigo huo ukikaa karibu na kitovu cha gari, gari linageuka upesi, kwa sababu hakuna uzito wa kuuzungusha huko pembeni. Pia magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanasukuma, yanapata uzito wa kuyakandamiza chini. SW20 ina kama asilimia 42 ya uzito mbele na 58 nyuma. Ukikanyaga moto (pedali ya mafuta) kutoka kwenye kona, tairi inashika.

Kwenye mashindano jambo hili liliamuliwa zamani. Mwaka 1958 Stirling Moss alishinda mbio za Argentina kwa Cooper yenye injini nyuma yake, ikiwa mara ya kwanza gari la namna hiyo kushinda mbio za ubingwa wa dunia wa Formula 1. Mwaka uliofuata Jack Brabham akachukua ubingwa wenyewe kwa Cooper. Miaka michache tu baadaye, kila timu ilikuwa imehamisha injini.

Kwa magari ya barabarani, ufunguo ulikuwa magari ya kuvuta kwa mbele. Yale injini na giaboksi vimeungana kama kipande kimoja, vimelala kukingama upana wa gari. Fiat walikichukua kipande hicho kutoka kwenye 128 yao wakakiweka nyuma ya viti, ikazaliwa X1/9 mwaka 1972. Toyota nao mwaka 1984 wakafanya hivyo na vyombo vya ukoo wa Corolla, ikazaliwa MR2 ya kwanza. Ukilielewa hilo umeelewa uzi wote huu: kila gari la kuvuta mbele unaloliona mtaani limebeba ndani yake nusu ya nyuma ya gari la injini ya kati.

MwanaKisauni (Mombasa)

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Bwana Spana kazi ni nzuri, lakini mimi nina neno. SW20 ina injini yake ya heshima, 3S-GTE ya tabo. Sisi huku tumeisikia ikipita kwa masikio yetu. Waldegård alishinda Safari Rally ya 1990 na Celica GT-Four, Sainz akashinda 1992, Kankkunen 1993, Ian Duncan 1994. Mwaka huo wa 93 Toyota zilichukua nafasi nne za kwanza. Zote hizo ni 3S-GTE. Kwani injini iliyovumilia Safari ya zamani ile itashindwa na gari ndogo ya kutembea Nyali? Ungeweka hiyo, ukabaki na gari yenye asili yake. Kila kitu kinaingia bila kukata chuma.

SpanaKumi

Kaka yangu wa Kisauni, hapo umenigusa, maana hata mimi ni Celica zilizonitia ugonjwa huu. Heshima ya 3S-GTE siipunguzi hata kidogo. Lakini angalia leo. Injini changa zaidi za aina hiyo zilizomo kwenye MR2 ni za miaka ya tisini. Blok ni ya chuma cha kuyeyushwa, hiyo itadumu. Kinachokwisha ni tabo, mipira ya vakyumu, ya maji na ya oili, waya zilizokauka kwa joto, na mkanda wa taimingi ambao ndani ya MR2 kuubadilisha ni kazi ya kukesha. Ukitaka moja iliyo nzima utaagiza mbali, na ikifika hujui ilikopita.

2GR inatumia cheni, blok ni aluminiamu, na uzito wake ikishafungwa haupishani sana na ile 3S-GTE yenye tabo na vikorombwezo vyake. Toki yake (nguvu ya kuzungusha) ni karibu Nm 340 bila kupuliziwa hewa na kitu chochote. Sensa ikifa naiona kwenye Vanguard ya jirani.

Kwa mwenye SW20 Turbo nzima, injini yake ya mwanzo ikiwa hai, mimi nitamwambia aiache na aitunze. Langu lilikuwa halina hata blok nzima.

MwanaKisauni

Hapo kwa jirani umenimaliza. Huku kwetu pia Vanguard na Alphard ni nyingi. Endelea bwana.

SpanaKumi

Sasa kazi yenyewe. Nitaeleza pale panapouma tu.

Giaboksi kwanza. MR2 isiyo na tabo ina giaboksi ya S54, nayo haikutengenezwa kwa toki ya V6. Inayotakiwa ni E153, ile ya MR2 Turbo, ambayo Toyota waliitumia pia kwenye Camry za V6 za giamkono. Hiyo inaifahamu familia ya V6. Ila ukichukua E153 peke yake umechukua nusu ya shida, kwa sababu shafti za Turbo ni nene na habu zake ni tofauti. Nunua giaboksi, shafti mbili, habu zake na kebo za gia kwa mtu mmoja, kutoka kwenye gari moja. Mimi vyangu viliagizwa Japani kwa mtindo huo. Anayekuuzia giaboksi tupu kwa bei ya kutupa, hizo shafti atakuja kukuuzia baadaye kwa bei anayoitaka.

Harrier ni otomatiki, kwa hiyo nyuma ya kranki utakuta sahani nyembamba ya kushika konveta. Hiyo inatoka, inaingia flaiwili ya giamkono. Kabla ya kufunga flaiwili badilisha sili ya nyuma ya kranki. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini ikivuja baadaye unashusha kila kitu upya.

Halafu kuna bomba moja ambalo kila mwenye 2GR anapaswa kulijua, hata kama gari lake ni Alphard ya familia. Kwenye injini za miaka ya mwanzo, bomba linalopeleka oili kwenye VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa vali) lilikuwa na kipande cha mpira katikati ya chuma. Mpira ule unazeeka, unapasuka, na injini inatema oili yote nje kwa muda mfupi sana. Toyota wenyewe walikuja kulibadilisha kwa bomba la chuma tupu. Mimi niliiangalia yangu ikiwa bado iko kwenye stendi: mpira ulikuwa umevimba karibu na pete ya kubana, na ukiuminya kwa kidole unaona vinyufa vyembamba vinafunguka. Nikaweka la chuma. Fanyeni hivyo injini ikiwa nje, mkono unaingia wote.

Kuhusu kuingiza: injini ya SW20 inaingia kutokea chini. Unaifunga injini na giaboksi chini ya gari, unaliteremsha gari juu yake, au unainyanyua injini kwa cheni bloku taratibu huku mtu mmoja kila upande anaangalia. Inakaa ikiwa imetazama vilevile ilivyokuwa kwenye Harrier: upande uliokuwa unatazama rejeta sasa unatazama ukuta wa kabati ya dereva, na ule wa nyuma unatazama buti. Hilo ni la lazima. Ukiigeuza uso nyuma, gari litakuwa na gia moja ya kwenda mbele na tano za kurudi.

Mauntini za upande wa giaboksi zinabaki za MR2, kwa kuwa E153 ni ya kwake. Ile ya upande wa cheni ya taimingi ndiyo ya kutengeneza. Usikate chuma kwa kukisia. Injini ikae mahali pake imeshikiliwa na jeki, shafti zote mbili zimefungwa na gari lina uzito wake kwenye magurudumu, ndipo upime. Shafti zikiwa na pembe kali, viungo vyake vinaliwa upesi.

DadaWaya (Dodoma)

Kaka Spana, shikamoo. Mimi ni fundi umeme wa magari, na naomba nichangie upande wangu, maana magari mengi ya kubadilishwa injini yanaletwa kwangu yakiwa yamelala yadi muda mrefu. Fundi injini alimaliza kazi yake vizuri, gari haliwaki.

2GR haina kebo ya moto. Pedali ya mafuta ni ya umeme, inatuma ishara mbili kwa wakati mmoja, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) inazilinganisha. Zikipishana inazuia moto. Kwa hiyo pedali ya Harrier lazima iende na injini, unaitengenezea kishikio kipya pale miguuni. Funguo, imobilaiza (kinga ya wizi) na kontroli boksi vitoke gari moja, vinajuana. Mtu akikuletea kontroli boksi bila funguo zake mrudishie. Na waya za injini zisikatwe pale kwenye ukuta wa gari kwa kisu kama wanavyofanya wengi, zitolewe nzima na soketi zake mpaka boksi la fyuzi. Kukata ni dakika moja, kuja kuunganisha rangi zisizofanana ni kazi ya siku nyingi na bado utabaki na wasiwasi.

Tatizo la pili, kontroli boksi ya otomatiki inatafuta giaboksi yake. Haioni soleinoidi, haioni swichi ya P na N, inawasha taa na wakati mwingine inapunguza nguvu. Ziko njia mbili: kuipanga upya ile ya Toyota kwa mtu anayeijua, au kuweka kontroli boksi ya kupangika kutoka nje. Hii ya pili ni ghali, ila ni safi.

Naomba niulize pia, saa ya mizunguko umefanyaje? Maana dashibodi ya SW20 inahesabu silinda nne.

SpanaKumi

Marahaba dada, umeandika kama ulikuwa gereji kwangu. Mimi nilichukua njia ya pili, kontroli boksi ya kupangika.

Saa ya mizunguko, ndiyo. Injini ya silinda nne inatoa mipigo miwili kwa kila mzunguko wa kranki, ya sita inatoa mitatu. Ukiunga moja kwa moja, injini ikiwa kwenye 2000 saa inakuonyesha 3000. Kontroli boksi yangu inaruhusu kuchagua idadi ya mipigo inayotoka, nimeiwekea miwili, sasa inasoma sawa. Anayetumia ile ya Toyota atahitaji kikokotoo kidogo cha kubadilisha ishara katikati.

RuwiMuscat

Assalaam aleikum. Niko Muscat lakini kwetu Unguja. Kwa wanaotafuta vyombo vya 2GR, msiangalie Japani peke yake. Huku Ghuba Aurion za V6 zilijaa, na soko la spea kuukuu la Sharjah linapeleka makontena Afrika Mashariki kila leo. Lakini ziangalieni vizuri, gari za huku zimekunywa vumbi na joto. Fungueni kifuniko cha oili mtazame ndani, ikiwa kahawia imeganda kama lami iacheni.

Swali langu ni hilohilo la joto. Injini imefungiwa katikati, rejeta iko mbele. Dar na Muscat hazipishani sana kwa jua. Gari halichemshi kwenye foleni?

SpanaKumi

Waaleikum salaam sheikh. Hapa ndipo pana mengi, naomba nikae kidogo.

Rejeta ya SW20 iko puani, injini iko nyuma, na maji yanasafiri kwenda na kurudi kwenye mabomba mawili marefu yaliyopita chini ya sakafu. Mfumo mzima unachukua zaidi ya lita kumi. Mabomba hayo ni ya chuma na ndiyo ya kwanza kuyatazama ukinunua gari la umri huu, kwa sababu yanaoza kutokea ndani huku nje yanang'aa. Yangu niliyatoa nikamwaga maji ndani yake, yakatoka mekundu na magamba. Nikatengenezesha mapya.

Hewa ndiyo adui mkubwa. Njia ni ndefu na ina milima na mabonde, hewa ikijificha mbele, sensa ya nyuma haitakwambia kitu mpaka kichwa kimepinda. Toyota walilijua hilo, wakaweka vizibo vya kutolea hewa kwenye rejeta na kwenye hita, unavifikia ukifungua boneti ya mbele. Kila kizibo unakivisha mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unauning'iniza juu, unafungua, halafu unajaza kulanti kutokea upande wa injini polepole sana. Povu litapanda kwenye mipira ile. Unaendelea mpaka maji ndani ya mipira yasimame bila povu, ndipo unafunga. Ukiwa na haraka siku hiyo, ahirisha.

Rejeta yenyewe nimeweka ya aluminiamu yenye unene zaidi, na feni mbili zinazoongozwa na kontroli boksi. Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii: hewa iliyoingia kwenye rejeta lazima ipate pa kutokea. Nimeziba nafasi zote pembeni ya rejeta kwa bati, hewa isizunguke. Kwenye foleni ya Ubungo mshale hautikisiki.

Joto la chumba cha injini ni habari nyingine. Manifodi ya eksozi ya upande wa mbele iko karibu kabisa na ukuta uliopo nyuma ya mgongo wako, na tangi la mafuta la SW20 liko katikati ya gari, kwenye tuta kati ya viti. Hapo sikubali mzaha. Eksozi imefungwa ngao ya joto, ukuta umewekewa karatasi ya kuzuia joto, mipira yote ya mafuta ni mipya ya daraja la injekta na haipiti juu ya eksozi popote. Wamarekani walikuwa na gari la injini ya kati, Pontiac Fiero ya 1984, likapata jina baya kwa sababu ya moto wa chumba cha injini mpaka likaitwa kurudi viwandani. Yeyote anayejenga gari la aina hii aweke kizima moto ndani, mahali mkono wa dereva unafika akiwa amefunga mkanda.

Nyakato (Mwanza)

Mkuu SpanaKumi, mimi MR2 sitaipata hata nikitafuta mwaka mzima. Ninachotaka ni kujenga chesisi yangu ya mabomba, nichukue Harrier au Vanguard iliyogongwa nyuma, injini na magurudumu yake ya mbele nivihamishie nyuma ya viti. Je, inawezekana au naota? Nina fundi wa kuchomelea hapa mtaani, mageti yake hayana mpinzani.

SpanaKumi

Huoti hata kidogo. Ile Fiero niliyoitaja ilijengwa hivyohivyo na kiwanda. Sasponsheni yake ya nyuma ilikuwa ile ya mbele ya Chevrolet Citation, gari la kuvuta mbele, imehamishwa nzima. Mwaka wa mwisho tu, 1988, ndipo walipoipa ya kwake.

Lakini sikiliza mambo matatu, na hapa naandika kwa uzito.

La kwanza, stelingi. Vile vyuma vinavyobeba habu za mbele vina mikono ya tairodi, kwa sababu zilikuwa zinakata kona. Ukivihamishia nyuma, tairodi hizo lazima zifungwe kwenye chesisi imara, zisigeuke. Na mahali unapozifunga panahesabika: ziwe na urefu na pembe inayolingana na mkono wa chini, la sivyo gurudumu likipanda tuta linageuka lenyewe, gari linajiongoza kwa nyuma. Toa springi, nyanyua na ushushe gurudumu kwa jeki, pima mbele na nyuma ya tairi katika kila hatua. Vipimo vikibadilika, hamisha sehemu ya kufungia mpaka vitulie.

La pili, breki ya mkono. Habu za mbele hazina. Watu wengi hukumbuka gari likiwa tayari limepakwa rangi. Utahitaji kalipa ya ziada inayovutwa kwa kebo. Pia breki zile za nyuma sasa ni kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbele. Zikishika kabla ya zile za mbele gari linazunguka, kwa hiyo panga mgawanyo wa presha upya.

La tatu ni huyo fundi wa mageti. Namheshimu, lakini geti halibebi mtu kwa kasi ya kilomita mia. Geti likipasuka kwenye kiungio linaning'inia, chesisi ikipasuka mtu anakufa. Tafuta mchomeleaji anayefanya kazi za mabomba ya presha au za meli, hapo Mwanza wapo kwenye karakana za ziwani. Mwombe achome vipande vya majaribio vya bomba lilelile, uvikate katikati, utazame kama moto umeingia mpaka ndani. Na mabomba yapangwe kwa pembetatu. Mraba unapinda kwenye kona zake hata uwe na chuma kinene, pembetatu haipindi mpaka bomba lenyewe likatike.

Fundi Mstaafu

Vijana, hongereni. Nimefanya kazi ya magari tangu enzi za Peugeot 504, na nina nyongeza moja kwa huyu wa Mwanza. Nunua gari zima lililogongwa, usinunue injini na nusu gari. Ukiwa na gari zima, kila boliti ipo, kila kibano cha waya kipo, na unaliwasha na kuliendesha pale yadi kabla hujalifungua. Unajua injini ni nzima kwa macho yako. Mabaki utayauza, milango na taa za Harrier hazikai sokoni.

SpanaKumi

Mzee wangu, shikamoo. Hilo ni agizo, si ushauri. Nyakato, lisome mara mbili.

Mbongo wa Birmingham

Wakuu, huku Uingereza MR2 za V6 ni kitu cha kawaida, na hoja ya 2GR haina ubishi tena. Lotus waliichukua injini hiyo mwaka 2009 wakaiweka nyuma ya viti vya Evora, ikiwa na nguvu farasi 276. Baadaye wakaifunga supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini) kwenye Exige S ikafika 345, na mpaka Emira ya V6 inatumia hiyohiyo. Yaani kiwanda cha magari ya spoti kinachosifika kwa kona kilikwenda dukani kwa Toyota.

Kwa Watanzania na Wakenya walioko huku: mpaka mwaka 2025 sheria ilikuwa ya pointi. Gari lililobadilishwa sana lilihitaji pointi nane kubaki na usajili wake. Chesisi au bodi ya asili ilikuwa na tano na hiyo ilikuwa ya lazima. Sasponsheni mbili, ekseli mbili, giaboksi mbili, stelingi mbili, injini moja tu. Kwa hiyo kubadilisha injini peke yake hakukupotezei usajili, unaripoti DVLA (ofisi ya usajili wa magari ya huku) wanabadilisha hati. Ukikata chesisi ndipo ulikuwa unaanza upya na ukaguzi mwingine kabisa. Na bima uwaambie kila kitu.

MwanaKisauni

Kwetu Kenya kuna ukuta mwingine. Gari ya zaidi ya miaka minane haiingii nchini, kwa hivyo MR2 zilizopo ndizo hizo, hakuna zingine. Ukiiona moja imelala nyuma ya nyumba ya mtu, ongea naye kwa upole.

SpanaKumi

Kwa Tanzania gari la zamani linaingia, ila ushuru wa uchakavu utakuumiza, kwa hiyo hata huku ni bora kutafuta lililopo. Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake. Ukibadilisha, nenda TRA (mamlaka ya mapato) na risiti za injini mpya, gari likaguliwe, kadi irekebishwe. Trafiki akifungua boneti akakuta namba nyingine hana sababu ya kuamini kuwa hukuiba. Risiti ya ile Harrier naitembeza ndani ya gari.

Kijana wa Kigogo

Mkuu swali langu la mwisho. Nimesoma sehemu kwamba SW20 inaua, eti mkia unazunguka ghafla. Na wewe umeiongezea nguvu. Unaiendeshaje?

SpanaKumi

Kilichoandikwa kina ukweli ndani yake. Uzito uliokaa katikati unageuka upesi, na ukianza kuzunguka unazunguka upesi pia. Kwenye gari la kuvuta mbele ukiingia kona kwa kasi ukashtuka ukaachia moto, gari linajikaza lenyewe. Hili ukiachia moto ghafla katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi, na mkia unakuja kukusalimia dirishani. SW20 za mwanzo zilisifika kwa hilo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Toyota walibadilisha sasponsheni na kuweka magurudumu ya inchi 15 badala ya 14, na tairi za nyuma zikawa 225/50 dhidi ya 195/55 za mbele. Tofauti hiyo ya upana iliwekwa kwa makusudi. Ukiona mtu ameweka tairi sawa mbele na nyuma ili gari lipendeze, mwambie azitoe.

Langu nimelipa bushi mpya zote, shokapu mpya, na alaimenti ambayo tairi za nyuma zinatazama ndani kidogo ili mkia utulie. Nguvu ya V6 haiji kwa kishindo kama ya tabo, inapanda pamoja na mguu, na kwa gari hili hiyo ni faida. Kasi inapunguzwa kabla ya kona. Ndani ya kona mguu unabaki kwenye moto kidogo, hautolewi ghafla. Mvua ikinyesha naendesha kama nimebeba mayai.

Hali ya sasa: injini inawaka, imepita majaribio ya joto, gia zote zinaingia. Shafti ya kushoto ina mlio mdogo ukikata kona kali ya kulia, nimeagiza kiungio kipya cha nje. Kikifika nitapima tena pembe ya shafti na kuweka hapa picha za mauntini pamoja na vipimo vyake kwa milimita, maana watu wengi wameomba. DadaWaya, ukipita Dar nitafute, nataka uangalie mpangilio wa waya zangu kabla sijafunga trimu za ndani. Nyakato, ukishapata hilo gari lililogongwa fungua uzi wako, tag yangu usiisahau.